Vivinjari vitatu, injini moja

Ukimwona mwenzako hapa Kenya ana iPhone yenye Safari, Chrome na Firefox, usidhani ana vivinjari vitatu. Majina ni matatu, injini ni moja: WebKit ya Apple. (Injini ndiyo sehemu inayosoma HTML na JavaScript na kuuchora ukurasa unaouona.)

Cha kuchekesha, WebKit yenyewe ni mtoto wa programu huria. Watu wa KDE, wale wa Linux, walikuwa na injini iitwayo KHTML. Mwaka 2001 Apple waliichukua wakaanza kuirekebisha, na Januari 2003 wakatangaza Safari. Miaka kumi baadaye Google nao wakachukua WebKit, wakaifanya Blink, ambayo ndiyo inayoendesha Chrome kwenye Android na kompyuta. Kila mmoja alijenga juu ya msingi wa mwenzake.

Kwenye iPhone mambo yakawa mengine. App Store ilifunguliwa 2008, na sheria yake ikawa kwamba programu ya kuvinjari wavuti lazima itumie WebKit. Opera Mini, ile tuliyoizoea kwenye simu za Java, ilipenya Aprili 2010 kwa ujanja: kurasa zilipikwa kwenye seva za Opera, simu ikapokea chakula kilichoiva. Chrome ilipoingia 2012 ilibidi ivae WebKit, tena bila kiharakishi cha JavaScript alichojiwekea Safari. Njia ilifunguliwa mwaka 2014, iOS 8 ilipotoka, lakini Chrome ilikipata mwaka 2016.

Apple wanasema ni usalama. Hoja hiyo si ya kupuuzwa: kiharakishi huandika msimbo kwenye kumbukumbu na kuutekeleza papo hapo, na wadukuzi wanaupenda sana mlango huo. Lakini WebKit husasishwa pamoja na iOS. Simu ikishaacha kupata masasisho (na simu za mitumba tunazijua sisi), tundu lililo kwenye injini linabaki palepale hata ukipakua kivinjari gani. Kwenye Android, Firefox huja na injini yake, Gecko, na hujisasisha yenyewe.

Ulaya walichoka. Kwa sheria yao ya masoko ya kidijitali, Machi 2024 iOS 17.4 iliruhusu injini nyingine, lakini ndani ya Umoja wa Ulaya tu. Japani ikafuata Desemba 2025.

Kuna wanaohofia kwamba mlango ukifunguliwa kila mahali, Blink itaimeza wavuti nzima, turudi enzi za Internet Explorer 6. Hofu hiyo hata mimi ninayo. Bado nasema wafungue. IE 6 ilitoka 2001, Microsoft wakalala usingizi kwa sababu hawakuwa na mshindani. Kilichowaamsha ni Firefox ya 2004, iliyokuja na injini yake, na Windows haikuwa na sheria ya kuizuia. IE 7 ilitoka 2006.