Venus wa Paris na Mamba Muntu

Sisi tunaokaa Kiambi, kando ya mto Luvua, hatuna haja ya kuelezwa mamba muntu ni nani. Juu ni mwanamke mzuri wa nywele ndefu, chini ni samaki. Husemwa kwamba mtu akiokota unywele wake, yeye humjia usiku katika ndoto kuudai, naye humtajirisha asipomwambia ye yote. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi walimchora mara nyingi, pengine juu ya magunia ya unga, na watu wa kazi wakamtundika katika chumba cha wageni. Sisi makatekista tukiikuta picha ya namna hiyo, upesi twamwambia mwenye nyumba aiondoe, maana ni upagani.

Basi tuitazame Ufaransa, nchi ya Wakristo tangu zamani. Katika karne ya 19 kijana aliyetaka jina katika uchoraji alisoma Paris katika École des Beaux-Arts, akashindania tuzo ya Roma, ambayo mshindi wake alikwenda kukaa Roma kwa gharama ya serikali. William Bouguereau aliipata mwaka 1850. Picha zilizoheshimiwa kuliko zote zilikuwa za Maandiko Matakatifu, za historia, na za miungu ya Wagriki na Warumi. Wala hakuna aliyeisujudia tena miungu hiyo. Kwa nini basi kuichora?

Mwaka 1863, katika maonyesho makubwa yaliyoitwa Salon, Alexandre Cabanel alileta "Kuzaliwa kwa Venus": mwanamke uchi amelala juu ya mawimbi, na vitoto vyenye mabawa vinaruka juu yake. Kaisari Napoleon III akainunua. Mwaka uleule Édouard Manet alichora mwanamke mwingine uchi, "Olympia", amelala kitandani. Huyu hakuwa na mawimbi wala vitoto. Alikuwa kahaba wa Paris, na macho yake yanamkazia anayemtazama. Alipoonyeshwa mwaka 1865 watu walikasirika hata walinzi wakawekwa kuilinda picha. Mji ni uleule, maonyesho ni yaleyale, na uchi ni uchi. Kilichokosekana ni jina la mungu tu. Émile Zola aliitambua hila hiyo, akamdhihaki Venus wa Cabanel kwamba si wa nyama na mifupa, bali wa unga mtamu wa lozi. Lakini Bouguereau naye akachora Venus wake mwaka 1879, picha ya kimo cha mita 3, akasifiwa.

Kumbe hadithi ilikuwa pazia. Mchoraji wetu wa Katanga hakupelekwa Roma, na picha yake aliiuza kwa pesa kidogo. Lakini mnunuzi wake alijua inasema nini: mali ya ghafula isiyojulikana imetoka wapi, saa ya Kizungu mkononi mwa yule mwanamke, mume aliyefungwa na siri asiyoweza kumwambia mkewe. Mambo hayo yalikuwa ya kweli kabisa mijini.

Siku moja mzee mmoja wa hapa, tulipomwambia aondoe mamba muntu wake, alituonyesha nyumba ya jirani, mlimotundikwa kalenda yenye mwanamke wa Ulaya nusu uchi. Akauliza: "Na ile, mwalimu?" Tulikuwa tumepita mlangoni pale asubuhi ileile, tukasalimu, tukaenda zetu.