Mlimani na Swali la Nani Aingie

Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kinachojulikana kama Mlimani, husimuliwa sana kwa maandamano na mijadala yake ya siasa. Mimi naiona zaidi katika maswali mawili: nani anaamua mambo ya chuo, na nani anaruhusiwa kuingia.

Masomo yalianza tarehe 25 Oktoba 1961 katika jengo la chama tawala, TANU, mtaa wa Lumumba. Kitivo kilikuwa kimoja tu, cha Sheria, na wanafunzi hawakufika 20. Shahada ilikuwa ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 Dar es Salaam ikaungana na Makerere na Nairobi katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, vyuo vikagawana fani: udaktari Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar. Kwa nchi changa zenye fedha haba, mpango ule ulikuwa wa busara, lakini kila taifa lilitaka chuo chake.

Basi tarehe 1 Julai 1970 Dar es Salaam ikasimama peke yake. Sheria iliweka Baraza la kusimamia chuo na Seneti ya kusimamia taaluma. Rais Nyerere akawa Mkuu wa Chuo, na Makamu Mkuu wa kwanza akawa Pius Msekwa, aliyetoka kuwa Katibu Mtendaji wa TANU. Uteuzi huo ulionyesha wazi chama kinataka nini. Mwaka uliofuata kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga, raia wa Kenya, alifukuzwa baada ya barua ya wazi kwa uongozi. Wenzake wakagoma kuingia madarasani. Baadaye uwakilishi wa wanafunzi katika vikao vya chuo ulipanuliwa, nao ulipatikana kwa gharama.

Swali la nani aingie lilijibiwa Musoma, Novemba 1974. Halmashauri Kuu ya TANU iliamua kwamba mhitimu wa kidato cha sita asiende chuoni moja kwa moja: apitie Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi angalau miaka miwili, ndipo aombe nafasi akiwa na mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Darasani walikaa watu waliowahi kuendesha ofisi na kufundisha shule, na mihadhara ilipata wasikilizaji wenye uzoefu. Upande wa pili, wanawake walipungua mno, ikabidi miaka michache baadaye waruhusiwe kuingia moja kwa moja. Kwangu, sera iliyopima vizuri thamani ya kazi haikupima vya kutosha mzigo wa ndoa na malezi.

Wakati huohuo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyokuwa chini ya chuo, ilikuwa imefika mbali zaidi ya Mlimani. Kampeni yake ya redio ya mwaka 1973, Mtu ni Afya, iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kujisomea vijijini. Baada ya kusikiliza, walichimba vyoo na kusafisha mazingira. Mwaka 1975 Taasisi ikapewa sheria yake na kujitenga na chuo. Lakini mtu mzima aliyetaka shahada bila kuacha kazi alibaki na pengo, nalo lilingoja hadi Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992. Makamu Mkuu wake wa kwanza, Geoffrey Mmari, alikuwa ameshika wadhifa huohuo Mlimani.