Pumzi Iliyotoka Bama

Mwaka wangu wa pili chuoni, salio la karo lilinishinda. Nilirudi Kitengela kwa mama, kwenye nyumba iliyo karibu na barabara ya Namanga, na usiku nikawa nasikia malori yakipita huku moyo unanidunda kama nimekimbizwa. Rafiki mmoja wa darasani akanitumia rekodi ya sauti kwa simu: kaa chini, funga macho, fuata pumzi. Dakika kumi tu. Niliifanya kwa sababu ilikuwa ya bure.

Asubuhi moja mama akanikuta nimekaa hivyo kitandani. Akasimama mlangoni. "Hiyo nayo ni dini gani, mwanangu?"

Sikuwa na jibu, na ndipo nikaanza kusoma.

Mimi nilidhani ni jambo la kale tu, mzee amekaa chini ya mti huko India. Hiyo ni nusu ya hadithi. Ni kweli Buddha alifundisha kuiangalia pumzi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Lakini kwa karne nyingi mtu wa kawaida, mwenye shamba na watoto, hakukaa akatafakari hivyo. Hiyo ilikuwa kazi ya watawa, tena wachache kati yao. Raia alitoa sadaka, akaenda zake.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya Waingereza. Mwaka 1885 majeshi yao yaliingia Mandalay, yakamwondoa Mfalme Thibaw, na Bama nzima ikawa koloni. Mfalme ndiye aliyekuwa mlinzi wa dini. Mtawa mmoja, Ledi Sayadaw, aliona kwamba sasa dini haina mlinzi, basi akaamua kuiweka mikononi mwa watu wenyewe. Aliandika vitabu kwa lugha nyepesi na kufundisha kwamba hata mkulima anaweza kutafakari.

Hapo nikaikumbuka Kajiado. Serikali hiyohiyo ya London ndiyo iliyoandikiana mikataba na Wamaasai mwaka 1904 na 1911, ikawahamisha kutoka Laikipia na kuwasukuma kusini. Walipokwenda mahakamani, kesi yao ilitupwa mwaka 1913. Nikipanda matatu kutoka Kitengela kwenda Kajiado mjini, napita katikati ya ardhi waliyobanwa ndani yake. Kwa hiyo hii pumzi ninayofuata haikutoka mahali penye amani. Ilitoka kwa watu waliokuwa wamenyang'anywa nchi, kama wa hapa kwetu.

Tena Bama si mbali nasi vile tunavyodhani. Mwaka 1944 maelfu ya askari wa KAR, Wakenya wakiwemo, walilivuka Bonde la Kabaw kwenye mvua na malaria wakipigana na Wajapani. Kufikia Desemba walikuwa Kalewa, kando ya mto Chindwin. Ukiufuata mto huo kuelekea chini unafika Monywa, mji ulio karibu na msitu alikoishi Ledi. Nairobi hadi leo tuna soko linaloitwa Burma, na wengi tunalijua kwa nyama tu.

Kutoka kwa Ledi, mafunzo yalimfikia mkulima aliyeitwa Saya Thetgyi. Mwaka 1937 yakamfikia karani wa serikali, U Ba Khin. Huyu ndiye nimempenda zaidi. Bama ilipopata uhuru mwaka 1948 alikuwa Mhasibu Mkuu wa nchi, na aliwafundisha kutafakari wafanyakazi wa ofisi yake. Mwaka 1955 akaja kwake mfanyabiashara mwenye kipandauso kisichosikia dawa, S. N. Goenka, ambaye mwaka 1969 aliyapeleka mafunzo hayo India, na kutoka huko yakaenea duniani. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, aliyechota kwa walimu wa Kibudha wa aina mbalimbali, alianzisha kozi katika hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts. Aliiondolea lugha ya dini. Wagonjwa wake wengi walikuwa watu wenye maumivu sugu ambayo madaktari walikuwa wameshindwa kuyamaliza.

Hapo ndipo pananigusa. Siku hizi mwanafunzi akilemewa anaambiwa avute pumzi, kana kwamba shida iko kwenye mapafu yake. Lakini katika historia hii yote hakuna aliyesema pumzi inaondoa chanzo. Ledi hakuwaambia watu kwamba mfalme hajachukuliwa. Kabat-Zinn hakuwaambia wagonjwa kwamba mgongo hauumi. Na U Ba Khin, akishamaliza kukaa kimya, alirudi kwenye vitabu vya hesabu, na hesabu ilibidi ikubali.

Mimi pumzi haikunirudisha chuoni. Karo ilibaki karo. Ila ilinipa usingizi, na siku moja ikanipa moyo wa kufungua ile taarifa ya salio niliyokuwa nikiikwepa kwa miezi mitatu, nikaisoma mstari kwa mstari.

Mama nilimweleza hivi: si dini mpya, ni mazoezi waliyoachiwa watu wa kawaida walipokosa mtetezi. Alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza, "Na hilo salio ni ngapi hasa?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumtajia.