Ndugu wa Kabete na Dhima ya Kulindana

Katika vilima vilivyo magharibi ya Nairobi, tangu Kabete hata Thogoto, yako makanisa ya kale ambayo habari zake ziliandikwa na wamisionari wenyewe, mwaka baada ya mwaka, kwa barua na taarifa walizozipeleka Ulaya. Bali habari za Mkristo na Mkristo mwenziwe, nani alimuuguza nani, nani alimwonya rafiki alipoanza kupotea, na nani alikwenda kumtetea jirani alipokamatwa, hazikuandikwa sana, kwa kuwa mambo hayo yalitendeka majumbani, jioni, baada ya kazi za shamba, miongoni mwa watu ambao aghalabu hawakuwa na cheo chochote kanisani.

Waskoti walihamia Thogoto mwaka 1898, mapadre wa Roho Mtakatifu wakafungua misheni ya Mtakatifu Austin mwaka 1899 mahali ambapo leo ni Lavington, na punde Waanglikana wa chama cha misheni cha CMS wakajenga Kabete, ambako Harry Leakey alifanya kazi kwa miaka mingi. Katika misheni hizo zote malezi ya waumini yalishuka kutoka juu: mmisionari alimwagiza katekista, katekista akawaangalia wabatizwa, na aliyekosa akapelekwa mbele ya wazee akatengwa na meza ya Bwana hata atakapotubu. Mwezi wa Juni 1913 wakuu wa misheni walikutana Thogoto ili wafanye shirikisho, wakamaliza mkutano wao kwa kushiriki meza moja katika kanisa la Waskoti. Ndipo Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, alipowashtaki maaskofu wenziwe wa Mombasa na Uganda kwa uzushi, kesi ikafika mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury na kuzua mjadala mkubwa Uingereza. Ni ajabu kwamba mabishano makuu kuliko yote yaliyopata kutoka katika vilima hivi yalihusu nani aruhusiwe kula na nani, ilhali swali la nani amtunze nani lilingoja miaka mingine ishirini na minne.

Jibu lilitoka Rwanda. Katika hospitali ya Gahini, daktari Joe Church na mwalimu Blasio Kigozi, nduguye Simeoni Nsibambi wa Kampala, walikuwa wameanza mwendo wa toba, ulioitwa Uamsho, uliovuka mipaka haraka. Kigozi alifariki mwezi wa Januari 1936, na mwaka uliofuata wajumbe wa Uamsho wakafika Kabete. Miongoni mwa Wakikuyu walioguswa alikuwa Obadiah Kariuki, ambaye mwaka 1955, pamoja na Festo Olang', aliwekwa wakfu kuwa askofu huko Namirembe. Lakini nguvu ya Uamsho haikuwa katika maaskofu wake, wala katika mikutano yake mikubwa, kama ule wa Kabete wa mwaka 1949, bali katika ushirika: kikundi kidogo cha waliookoka, walioitana ndugu, waliokutana kila juma nyumbani kwa mmoja wao ili waweke mambo yao nuruni.

Inafaa kuutazama ushirika huo kwa karibu. Aliyesimama kutoa ushuhuda hakuungama dhambi kwa ujumla, kama inavyosomwa katika kitabu cha sala. Alitaja deni alilolikana, jembe la jirani alilolikopa asilirudishe, neno kali alilomwambia mkewe asubuhi ile. Wenziwe walimwimbia Tukutendereza, wimbo uliotoka Uganda ambao kila mtu aliujua bila ya kujali kabila lake, kisha kazi ikaanza, kwa kuwa toba isiyorudisha kitu haikuhesabiwa. Na kama mwenye jembe alikuwa mkali, ndugu mmoja aliandamana na mwenye kukiri ili asiende peke yake. Mwanamke alishuhudia kama mwanamume. Na katika Kenya ya siku zile, ambamo Mwafrika hakuweza kukaa katika hoteli kubwa za mjini, mmisionari Mzungu alisimama mbele ya Waafrika akakiri kiburi chake. Sijui jambo jingine la wakati ule lililovunja ukuta wa rangi kwa utulivu kama huo.

Kisha ukaja mtihani. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na ndugu wakajikuta baina ya mioto miwili: waliwakatalia wapiganaji wa Mau Mau, waliouasi utawala wa kikoloni, kiapo, kwa hoja kwamba waliokwisha kuinywa damu ya Kristo hawawezi kuapa kwa damu nyingine, wakaikatalia serikali bunduki, kwa hoja kwamba hawawezi kumwua mtu ambaye Kristo alimfia. Baadhi yao waliuawa. Wengine walishukiwa na kusumbuliwa na watu wa serikali. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi liliuzingira mji wa Nairobi katika msako ulioitwa Anvil, na Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa kambini Langata, wakapitishwa mbele ya watu waliojifunika magunia yenye matundu ya macho, ambao kwa kutikisa kichwa tu waliweza kumtia mtu kizuizini. Zaidi ya watu 20,000 walifungwa hivyo. Zingatia tofauti iliyopo: yule wa guniani alimwangalia jirani yake ili amtoe, akiwa ameuficha uso, na ndugu wa ushirika alimwangalia jirani yake ili amwokoe, akiwa ameuweka uso wake wazi na dhambi zake mwenyewe zimekwisha kutajwa.

Hata hivyo haifai kuwapamba kupita kiasi. Kuangaliana kulipotengana na upendo kuligeuka kuwa hukumu, na asiyeshuhudia kwa namna yao alihesabiwa hajaokoka, ijapokuwa alikuwa padri wao. Nyanza, ambako Uamsho ulikuwa na nguvu sana, ugomvi wa namna hiyo ulizaa kundi la Johera, yaani watu wa upendo, ambalo likiongozwa na Matthew Ajuoga lilijitenga na Waanglikana katika miaka ya hamsini likaanzisha Kanisa la Kristo katika Afrika.

Mwaka 1969 mtihani ulirudi, safari hii chini ya serikali ya wananchi. Tom Mboya, waziri Mjaluo, alipouawa tarehe 5 Julai katika barabara ambayo sasa ni Moi Avenue, Wakikuyu walianza kuchukuliwa kwa malori kwenda Gatundu kula kiapo cha kulinda utawala, na Wakristo waliokataa walipigwa. Mmoja wao, mtumishi wa kanisa la Presbyterian huko Kikuyu, alipigwa hadi kufa. Viongozi wa makanisa walilaani jambo hilo hadharani, na gazeti la Target, ambalo Lengo lilikuwa pacha wake wa Kiswahili, chini ya mhariri wake Henry Okullu, likapinga viapo hivyo. Okullu alikuwa Mjaluo na wengi wa waliopigwa walikuwa Wakikuyu, na hapo ndipo naona dhima hii ya kulindana ilipotoka nyumbani ikaenea nchi nzima.

Wakatoliki nao walifika mahali pale pale kwa njia yao. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, waliokutana Nairobi mwaka 1973 na tena mwaka 1976, waliamua kwamba kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za majirani, wanaosoma Injili pamoja, wanaozuru wagonjwa na kuchangia mazishi. Kangemi, ambako Papa Francis alizuru parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi tarehe 27 Novemba 2015, jumuiya hizo hukutana katika vyumba vya kupanga, wenyeji wakiketi kitandani na wageni kwenye viti vilivyoazimwa mlango wa pili. Katika parokia nyingi za Nairobi mzazi anayetaka mtoto wake abatizwe huulizwa kwanza ni wa jumuiya gani, na mwenyekiti wa jumuiya hiyo, ambaye mara nyingi ni mwanamke, hutakiwa kumthibitisha. Na madhali watu wa vitongoji hivi huhama kila kodi inapopanda, kazi kubwa ya mwenyekiti huyo ni kujua nani amehamia ploti gani.