Ngome ya Al-Jundi na Njia ya Sinai

Desemba 1170, Salahuddin Ayubi, wakati huo waziri wa Misri, alipakia merikebu zilizokongolewa juu ya ngamia, akazivusha jangwa la Sinai, akaziunga upya pwani ya Akaba na kuwanyang'anya Wanamsalaba ngome ya Aila. Njia ya nchi kavu kati ya Kairo na Shamu ikafunguka, nayo ikataka mlinzi. Ndipo katika miaka iliyofuata ikajengwa ngome ya Sadr, iitwayo leo Al-Jundi, juu ya kilima kilichojitenga karibu na Wadi Sudr, kusini-mashariki ya Suezi.

Kilima kina mita zipatazo 645 juu ya usawa wa bahari, na aliye kileleni huona msafara ungali mbali. Ndani ya kuta mlikuwa na misikiti na hamamu. Lakini kwangu mimi, ustadi wa wajenzi uko chini ya ardhi, katika mabirika ya mawe yaliyokinga mvua za msimu mfupi ili askari wanywe na kutawadha miezi yote ya kiangazi. Adui angeweza kuizingira ngome hiyo, ila yeye huko chini ndiye angetangulia kufa kiu.

Hofu ya kushambuliwa na Wanamsalaba haikuwa ya bure. Majira ya baridi ya 1182 na 1183, Mwanamsalaba Renaud de Châtillon, bwana wa ngome ya Karak, naye alishusha merikebu Bahari ya Shamu. Watu wake walishambulia Aidhab, bandari ambako mahujaji wa Misri walivukia kwenda Jidda wakikwepa njia ya Sinai. Al-Adil, ndugu yake Salahuddin, alimtuma amiri Husamuddin Lulu, akawasaka hadi pwani ya Hijazi. Ibn Jubair, aliyekuwa safarini kwenda hija kutoka Andalusia, aliwaona mateka wakiingizwa Iskandaria juu ya ngamia, nyuso zimeelekezwa mikiani, ngoma na mabaragumu yakilia.

Julai 1187 Wanamsalaba walishindwa na Salahuddin katika vita vya Hattin, na mwaka uliofuata Karak ikaanguka. Hatari ilipoondoka, ngome ilikosa kazi. Sultani Baibars alipoirudisha njia ya hija Sinai katika karne ya 13, misafara ilipita Suezi, Nakhl na Akaba, ikaiacha ngome kando.

Tangu 1994 Al-Jundi imo katika orodha ya awali ya UNESCO, pamoja na ngome ya Kisiwa cha Firauni karibu na Akaba. Inastahili kutoka huko na kuingia urithi wa dunia kamili.