Nzi wenye doa la rangi: maabara ya porini Shinyanga

Kama ulisoma Form One kwenye shule isiyo na maabara, utaikumbuka ile mada ya mwanzo kabisa ya sayansi. Mwalimu anaandika ubaoni: kuchunguza, kuainisha, kupima, kuhitimisha, kutabiri, kuwasilisha matokeo. Mnanakili, kengele inagonga, mnaenda kwenye hesabu. Mimi nilisoma hivyo hivyo mkoani Geita, kwenye shule ambayo darubini ilikuwa ni picha kitabuni. Nikatoka pale nikiamini kwamba hizo stadi sita ni za watu wenye darubini.

Nilikuja kubadilika chuoni, nikipekua makala za zamani juu ya mbung'o, huyu nzi ambaye wengine humwita ndorobo. Kumbe moja ya kazi bora kabisa za kuhesabu wanyama duniani ilifanyika Shinyanga, mkoa jirani na kwetu, na vifaa vyake vilikuwa wavu wa mkono, penseli, na rangi ya wachoraji. Nataka nikusimulie, kwa sababu ile orodha ya ubaoni ilipata umbo tunalolijua huko Marekani miaka ya 1960, kwenye mtaala wa shule za msingi wa chama cha wanasayansi cha AAAS. Shinyanga watu walikuwa wanazifanya kazi hizo miaka 30 kabla.

Turudi mwaka 1922. Mlipuko wa malale umetokea Maswa. Mbung'o anaeneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe, na kwa Msukuma ng'ombe akifa, mahari, maziwa na akiba vimekufa naye. Serikali ya kikoloni ya Uingereza ilikuwa na mtu aitwaye Charles Swynnerton, mkuu wa wanyamapori wa Tanganyika, mpenzi wa ndege na wadudu tangu ujana wake. Alijikita kwenye tatizo la mbung'o mpaka mwaka 1929 ikaundwa idara nzima ya utafiti wa nzi huyo akiwa mkurugenzi, na Shinyanga ikawa kitovu chake. Aina ya mbung'o iliyosumbua sana eneo hilo imebeba jina lake hadi leo: Glossina swynnertoni. Alifariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938, pamoja na mtaalamu wa mimea wa idara, B. D. Burtt.

Lakini Swynnerton simuongelei sana. Hebu tuingie porini.

Asubuhi, kundi la wakamataji linatembea kwenye njia iliyofyekwa msituni na kugawanywa vipande vipande. Kila kipande kina alama yake. Wakifika kwenye alama wanasimama, wanakamata nzi waliowafuata au kuwatua mwilini, wanahesabu, wanaandika: ni wangapi, ni aina gani, dume au jike, na hapa pana miti gani. Kisha wanasogea kipande kinachofuata. Kesho tena, wiki ijayo tena, masika na kiangazi. Njia ile ile, mwendo ule ule, ili namba ya leo iweze kulinganishwa na ya mwezi uliopita. Hicho ndicho kinaitwa kupima. Siyo lazima uwe na mizani.

Wakamataji walikuwa Waafrika. Kwenye maandishi ya Waingereza wanaitwa "vijana wa nzi", hata yule aliyekuwa na wake na watoto. Majina ya wataalamu yako juu ya makala. Ya hawa mara nyingi hayapo. Ila namba zote zilizochapishwa zilipita kwanza kwenye macho na vidole vyao, na kumshika mbung'o bila kumponda siyo kazi ndogo, jaribu siku moja hata kwa nzi wa jikoni.

Na walikuwa wanaainisha, tena kwa ustadi. Mtafiti mmoja wa idara, C. H. N. Jackson, aliwapanga nzi katika makundi manne kwa kuangalia tumbo tu: aliyeshiba damu sasa hivi, aliyeshiba kiasi, wa katikati, na mwenye njaa. Umri nao ulikisiwa kwa mabawa. Mbung'o kijana ana bawa lenye ukingo mzima. Kadiri anavyozeeka ukingo unachanika, kama upindo wa kanga iliyofuliwa mara nyingi. Wakaweka madaraja ya uchakavu, kila nzi akapewa daraja lake.

Sasa swali gumu. Unataka kujua msitu una mbung'o wangapi. Huwezi kuwakamata wote. Unafanyaje?

Chukua bakuli la maharage, usihesabu. Toa 50, yatie doa la kalamu, yarudishe, koroga vizuri. Halafu chota mengine bila kuangalia, tuseme umepata 60, na kati yake 6 yana doa. Sehemu ya kumi ya ulichochota ina doa. Kama umekoroga kweli, basi sehemu ya kumi ya bakuli zima ina doa. Yenye doa ni 50, kwa hiyo bakuli lina maharage kama 500. Umehesabu kitu ambacho hujakihesabu.

Wazo hili lilikwishatumika kwa samaki Denmark na kwa bata Marekani. Jackson alilileta kwa mbung'o, akachapisha kazi yake kuanzia mwaka 1933. Nzi anakamatwa, anatiwa tone dogo la rangi ya mafuta mgongoni, anaachiwa. Rangi na mahali pa tone vilisema ametiwa alama lini. Ila mbung'o siyo harage. Kati ya leo na wiki ijayo wengine wanakufa, wengine wanazaliwa, wengine wanahama. Jackson akacheza na pande zote mbili: mara atie alama mara moja kisha akamate wiki nyingi mfululizo, mara atie alama wiki nyingi kisha akamate mara moja. Kwa kulinganisha jinsi alama zinavyopotea, akakadiria vifo na vizazi. Alifanya hivyo Shinyanga na pia Kakoma, upande wa Tabora. Leo wanaikolojia wanaohesabu popo, vyura au simba wanatumia watoto na wajukuu wa mbinu hiyo, na kompyuta juu yake.

Hapa ndipo ninapotaka ukae kidogo, maana ndo sehemu tuliyoipita mbio pale Form One.

Daftari za wakamataji zilionesha jambo moja kila siku: madume tele, majike wachache. Wewe ungeandika nini kwenye hitimisho? Wengi wetu tungeandika "msitu huu una madume mengi kuliko majike", na mwalimu angetia tiki. Lakini soma tena walichokiona. Hawakuona msitu. Waliona nzi waliowajia watu wanaotembea. Hivyo ni vitu viwili tofauti.

Na kuna ushahidi wa kutia shaka. Jike la mbung'o halitagi mayai. Kila baada ya siku tisa au kumi hivi linazaa buu mmoja, anajichimbia ardhini, anakuwa pupa, na baada ya kama mwezi anatoka nzi. Ukikusanya pupa ukawasubiri watoke, unapata madume na majike karibu sawa kwa sawa. Tena jike huishi muda mrefu kuliko dume, kwa hiyo msituni majike yalitakiwa yawe mengi zaidi! Yako wapi? Yapo, ila hayaoni sababu ya kukufuata wewe. Madume mengi yanayofuata kitu kinachotembea yanatafuta jike, siyo chakula. Miaka ya 1970, G. A. Vale, akifanya kazi nchi ambayo leo ni Zimbabwe, alitega nyavu za waya mwembamba wa umeme kumzunguka ng'ombe bila mtu karibu, akaonesha kwamba binadamu kusimama pale kunawafukuza mbung'o wengi. Yaani mpimaji mwenyewe alikuwa anaharibu kipimo, kwa kuwepo tu.

Watu wa Shinyanga walilijua hili kwa sehemu, na ndo maana nawaheshimu: waliendelea kuandika dume na jike katika safu tofauti badala ya kujumlisha. Wangejumlisha, sisi leo tusingekuwa na cha kurudia.

Upande wa kutabiri, hadithi ina uchungu kidogo. Uchunguzi ulisema mbung'o wa Shinyanga anahitaji kivuli cha miti kuvuka kiangazi. Utabiri ukafuata: ondoa kivuli, nzi ataondoka. Jaribio likafanyika kwa ukubwa ambao hakuna maabara ingeweza. Kuanzia miaka ya 1920 maelfu ya watu, wakiitwa na watemi wao, walitoka na mashoka na kufyeka pori. Utabiri ulikuwa sahihi. Nzi walirudi nyuma, ng'ombe wakaingia, pamba ikaingia, watu wakaongezeka. Baadaye, katika miaka ya 1940, wakajaribu hata kuua wanyamapori ili kuwanyima mbung'o damu. Baada ya Vita Kuu ya Pili Wasukuma wengi wakahimizwa kuhamia magharibi, Geita, nako wakafyeka pori la mbung'o. Ukiniuliza kwa nini kwetu Geita kuna Wasukuma wengi hivi, jibu siyo dhahabu peke yake.

Walichopima ni nzi. Miti haikuwa na daftari. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa za Shinyanga zilikuwa uwanja mtupu, akina mama wakitembea mbali kutafuta kuni. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofufua ngitili, ule utaratibu wa zamani wa Wasukuma wa kufunga eneo la malisho wakati wa masika ili ng'ombe walikute kiangazi. Hesabu za ngitili zilianzia kama hekta 600 mwaka huo, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilivuka hekta 300,000.

Usiniwahi hapo. Sijasema kampeni ya mbung'o ndiyo iliyoifanya Shinyanga iwe uwanja. Pamba ilihitaji mashamba, mifugo iliongezeka, na miaka ya 1970 watu walikusanywa vijijini kwa wakati mmoja. Tulichokiona ni kwamba miti ilikatwa kwanza na uhaba ukafuata. Ni kiasi gani cha hili kilisababisha lile, hapo umeshatoka kwenye safu ya nilichokiona, umeingia kwenye safu ya ninachohitimisha, na uniletee vipimo.

Likizo iliyopita nilienda kumsalimia mjomba anayechimba Nyarugusu. Nikamkuta ametwanga jiwe, anaosha unga wake kwenye karai, na pembeni kabisa ya karai umejitokeza uzi mwembamba wa njano. Uso wake unang'aa.

"Shikamoo mjomba. Umeona nini?"

"Marahaba. Si dhahabu hiyo? Duara lina mzigo."

Nikamuuliza hilo jiwe amelitoa wapi. Akasema amelichagua, lilikuwa na ule wekundu mzuri.

"Na yale mengine?"

Akacheka mpaka karai likatikisika. "Mpwa wangu, nani anabeba jiwe baya?"

Lile duara amelikopea hela, na deni linahesabiwa kwa duara zima, siyo kwa jiwe alilolichagua. Nikamsimulia habari za mbung'o madume. Alinyamaza kidogo, akauliza kama hao wakamataji walilipwa vizuri. Kabla ya kuondoka nilimnunulia daftari, tukakubaliana achukue jiwe moja kila mita moja anayoshuka, liwe zuri au baya, alitwange, alioshe, aandike. Jana kanipigia simu. Amefika mita ya tisa. Nne zina kitu, tano hamna.