Si Kila Uvimbe wa Ini ni Saratani

Nilikuwa kwa wakwe zangu Tetu, kaunti ya Nyeri, shemeji yangu alipokwenda kupimwa maumivu ya tumbo. Akarudi na karatasi ya ultrasaundi: kuna uvimbe kwenye ini, huenda ni saratani. Nyumba ikageuka matanga. Mumewe akaanza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe. Tetu neno hilo ni zito. Mbunge wao wa zamani, Profesa Wangari Maathai, aliondoka kwa saratani Septemba 2011, ingawa yake ilikuwa ya ovari.

Wiki tatu baadaye skani ya CT mjini Nyeri ilionyesha hemanjioma, fundo la mishipa ya damu lisilo na madhara. Ng'ombe alikuwa ameshauzwa. Naandika ili yasimkute mwenzetu wa Lamu au Kwale.

Uvimbe unaofanana na saratani

Hemanjioma ndiyo ya kawaida zaidi. Wengi huishi nayo hadi uzeeni bila kujua, wala haihitaji dawa.

Vipo vinundu vya seli za ini zenyewe, vinavyoonekana zaidi kwa wanawake, mara nyingi vikiwa na kovu katikati. Navyo kwa kawaida huachwa.

Adenoma ni nadra. Inahusishwa na vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni na dawa za kutunisha misuli. Si saratani, lakini ikizidi sentimita 5 yaweza kuvuja damu au, mara chache, kugeuka saratani. Hii hufuatiliwa au hukatwa.

Nadra zaidi ni uvimbe unaotokana na mkusanyiko wa seli za kinga. Mgonjwa hupata homa na kukonda, na picha hufanana mno na saratani. Mara nyingi hutambulika kwa kupima kipande cha nyama tu.

Kisha kuna maradhi ya kuambukiza. Jipu la amiba huja na homa na maumivu chini ya mbavu za kulia, na kwa kawaida hutibika kwa metronidazole. Uvimbe wa hidatidi huletwa na minyoo ya mbwa. Turkana unajulikana sana, na katika miaka ya 1980 AMREF ilitumia ultrasaundi huko kuusaka vijijini. Huo una maji ndani, na yakimwagika tumboni mwili unaweza kupata mshtuko wa hatari.

Daktari hutofautishaje?

Kwanza ni maswali: una homa ya ini B au C? Ini lina makovu? Unatumia dawa gani? Uvimbe kwenye ini lenye makovu hutiliwa shaka zaidi kuliko kwenye ini zima.

Pili ni damu. Kipimo cha AFP kikipanda sana huashiria saratani, lakini kikiwa sawa hakiiondoi.

Tatu, na hapa ndipo penye jibu mara nyingi, ni CT au MRI yenye dawa ya kung'arisha, ikipigwa picha kwa awamu. Saratani inayoanzia kwenye ini kwa kawaida hung'aa mapema kisha hufifia haraka. Hemanjioma huanza kung'aa pembeni na kujaa polepole kuelekea katikati. Ultrasaundi huona uvimbe. Mara nyingi haitoshi kuuhukumu.

Kudunga sindano na kuchukua kipande huja mwisho, picha zikishindwa kuamua, kwa sababu uvimbe mwingine hutoka damu.

Lakini tusijidanganye

Sisemi mtu apuuze. Saratani ya ini ipo kwetu, ikisababishwa zaidi na homa ya ini B, na sumu ya kuvu kwenye mahindi yaliyohifadhiwa vibaya huongeza hatari. Chanjo ya homa ya ini B hupewa watoto wachanga Kenya tangu 2001. Mtu mzima aliyezaliwa kabla ya hapo na apime. Anayekonda, au mwenye macho ya manjano, asikae nyumbani akinywa mizizi.

Ukiambiwa una uvimbe, uliza mambo matatu: Je, nimepigwa CT au MRI ya awamu? Nimepimwa homa ya ini? Mtaalamu wa picha ameandika nini? Ukishapata majibu hayo ndipo familia ikae kushauriana juu ya mali. Mwenyezi Mungu atuafu sote.